Miaka minne ya kriminolojia: uzoefu wangu

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka lazima nipigiwe simu na mzazi fulani, mtoto amepata C+ na anataka kriminolojia, hii kozi ya kusomea uhalifu, kwa sababu anataka kuwa DCI, yaani mpelelezi wa jinai. Sasa wacha niandike mara moja. Mimi nimemaliza digrii ya kriminolojia na haki ya jinai kwa chuo kimoja hapa Kenya, jina la chuo niachieni, na hii kozi naipenda kabisa, lakini wengi wanaiingia wakitafuta kitu ambacho hakimo.

Haikufanyi mpelelezi. Ukitaka DCI njia kubwa bado ni kuingia polisi kwanza, uende depo ya mafunzo, ndio baadaye upelekwe huko. Wakili pia huwi, hata kama utasoma Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Ushahidi mpaka uote nazo usiku.

Mwaka wa kwanza ni nadharia mtindo mmoja. Beccaria aliyeandika kuhusu makosa na adhabu mwaka wa 1764, Lombroso aliyekuwa anapima mafuvu akisema kuna watu wamezaliwa wahalifu, Sutherland aliyesema hata mwenye tai na ofisi kubwa ni mhalifu. Wenzangu walichoka, mimi tulipofika kwa Becker na ile nadharia yake ya kubandikwa jina nilinyamaza kabisa, kwa sababu mtaani kwetu kuna kijana aliitwa mwizi tangu darasa la sita mpaka jina likamkaa.

Mahali waliniangusha ni forensiki, ile sayansi ya ushahidi wa uhalifu. Alama za vidole tulichorewa ubaoni, ule unga wa kuzitoa kwa kioo sijawahi kuushika mpaka nikagradueti. Halafu maksi za yuniti mbili zikapotea na nikazunguka ofisi semista nzima na karatasi mkononi, hilo lilinikasirisha na bado linanikasirisha.

Lakini atachmenti, yale mafunzo ya kazini! Nilipelekwa ofisi ya probesheni, wale wanaosimamia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya jela, miezi mitatu, na hapo ndio nilijua nimesomea nini. Mtu akikubali kosa au akipatikana na hatia, hakimu anaweza kuitisha ripoti kabla hajatoa hukumu, sasa afisa anaenda nyumbani kwa huyo mtu, anaongea na mama, anaongea na chifu, anaongea na aliyeibiwa pia maana huyo ndiye watu husahau. Kuna kijana wa miaka 19 alikuwa ameiba betri ya sola. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu unaweza kukupa miaka 3. Tulipanda kwao kwa miguu karibu saa nzima, tukakuta nyanya mgonjwa na watoto wawili wadogo, na mwenye betri akatuambia yeye hataki kijana afungwe, anataka betri yake ilipwe. Yote hayo yaliingia kwa ripoti. Hakimu akaisoma, akampa kazi ya jamii chini ya ile sheria ya 1998 ya huduma kwa jamii, akawa anafyeka na kuosha zahanati badala ya kulala jela na watu wa makosa mazito. Nilikuwa nimekaa benchi ya nyuma na mikono inatetemeka. Bila hiyo ziara hakimu angeona karatasi ya mashtaka tu.

Kazi? Zipo lakini haziji mbio. Probesheni na magereza hungoja serikali itangaze nafasi na mkiomba mnakuwa wengi ajabu. Mimi nilikaa zaidi ya mwaka, sasa niko sacco nachunguza mikopo ya uongo, watu wanaleta payslip feki na wadhamini ambao hawajui kama wamedhamini, na Sutherland ninamkumbuka karibu kila wiki.

Kwa hivyo kabla ulipe karo uliza chuo maswali mawili: nani hutafuta nafasi ya atachmenti, ni wao au ni wewe, na kuna lekchara yeyote amewahi kufanya kazi magereza, polisi au probesheni? Sisi tulikuwa naye mmoja aliyetoka magereza na yuniti yake ndio hakuna mtu alikuwa anakosa.

Na siku moja chukua asubuhi uende korti iliyo karibu na kwenu, kesi za jinai nyingi husikizwa wazi na hulipi kitu, kaa nyuma usikilize watu wakisomewa mashtaka. Kama kufika saa sita unatamani kutoka, tafuta kozi nyingine. Kama unatamani kujua yule wa tatu alifikaje pale kizimbani, basi jaza fomu.