Filta ya maji ya nyumba nzima, Mtwara: uzoefu wangu

Filta niliyofunga nyumbani inafanya kazi vizuri, na leo nikiambiwa ninunue upya nitachukua ile ile. Ila kazi yake ni moja: kuzuia mchanga, udongo na kutu visifike kwenye tenki la juu na kwenye mabomba ya ndani. Chumvi haiondoi. Maji magumu hailainishi. Vijidudu haiui. Nayasema mapema kwa sababu nimeona majirani wakitoa pesa nzuri baada ya mauzo ya korosho, wameahidiwa maji matamu bombani, kisha wakapata maji yale yale ya chumvi, tofauti ikiwa ni kwamba sasa yanang'aa. Inaniuma, maana pesa ya korosho huja mara moja kwa mwaka.

Sisi tuko Mangamba. Maji tunapata sehemu mbili: bomba la mtaani, linalotoka kwa zamu, na kisima kirefu tulichochimba uani. Kila chanzo kina shida yake. Bomba likikatika na kurudi, ndoo za kwanza huwa za kahawia, kwa sababu uchafu uliotulia ndani ya mabomba husukumwa wote kwa pamoja mkondo unaporudi. Kisima nacho hutoa mchanga laini, hasa pampu inapoanza kuvuta, na maji yake ni magumu. Sabuni haitoi povu upesi, na sufuria ya kuchemshia hufanya ukoko mweupe. Sehemu nyingi za pwani yetu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Maji yakipita humo huiyeyusha chokaa na kuja nayo.

Kwa muda mrefu tuliishi hivyo hivyo. Kilichotuchosha ni gharama ndogondogo zisizoisha: koki zinazovuja kwa sababu mchanga umekula mpira wake, tenki la choo linalomwaga maji usiku kucha kwa sababu valvu yake haifungi, mashine ya kufulia inayokataa kujaza maji kwa sababu kichujio chake kidogo cha nyuma kimeziba. Na mashati meupe ya shule, ambayo kila muhula yalikuwa yanazidi kugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kabla ya kununua chochote tulipeleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, ambayo ipo hapa hapa mjini. Katika safari yote hii, hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko nyingine. Majibu ya kisima chetu yalisema tope ni NTU 12 (kipimo cha ukungu wa maji), ugumu ni miligramu 320 kwa lita, na chumvi zote zilizoyeyuka ni miligramu 840 kwa lita. Ili uelewe namba hizo: maji yakizidi miligramu 180 za ugumu kwa lita huhesabiwa magumu sana. Kwa upande wa chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema ladha huwa nzuri chini ya takriban miligramu 600, na yakivuka 1,000 watu huanza kuyakataa. Yetu yako katikati. Yanyweka, lakini ulimi unayajua.

Katika namba hizo tatu, filta ya katriji, yaani kichujio kinachokaa ndani ya kopo, inagusa ile ya kwanza tu. Tope ni chembe, na chembe zinachujika. Chumvi na chokaa zimeyeyuka ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo zinapita pamoja nayo kwenye matundu ya katriji. Kuondoa chumvi kunahitaji mashine ya utando yenye presha kubwa, na sehemu ya maji hupotea kama maji taka. Kwa nyumba nzima gharama yake ni ya hoteli, si ya familia.

Dukani Gerezani, Dar es Salaam, nilisisitiziwa nichukue seti ya makopo manne, moja likiwa la kuondoa floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Floridi ni mateso ya kweli, lakini ni mateso ya Arusha, Manyara na maeneo mengine ya kaskazini yenye asili ya volkano. Karatasi yangu ya maabara ilionyesha kwetu haina tatizo. Nilimwonyesha muuzaji, naye akaacha. Nenda dukani na karatasi yako mkononi, mazungumzo yatakuwa mafupi.

Nilichonunua ni chujio la wavu wa chuma kisichoshika kutu, lenye koki chini ya kufungulia mchanga utoke, pamoja na makopo mawili ya bluu ya inchi 20, yale manene. Kopo la kwanza nimeweka katriji ya mikunjo ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, hapa ni ukubwa wa tundu), ambayo inaoshwa na kurudishwa. La pili lina katriji ya nyuzi ya mikroni 5, ambayo ikichakaa inatupwa. Vyote, pamoja na mabano ya ukutani, spana yake na vipimo viwili vya presha, vilinigharimu shilingi 520,000, bila nauli ya mzigo kwenye basi hadi stendi ya Mkanaledi. Chukua rangi ya bluu, usichukue yale ya kuona ndani. Mwanga ukiingia, ukijani huota ndani ya kopo, na kwa jua letu hauchukui muda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha, nalo ni mahali pa kuifunga.

Maelezo yaliyokuja na filta yanadhani nyumba inapata maji yenye presha kubwa kutoka mtaani saa zote. Nyumba zetu haziko hivyo. Maji yanaingia kwenye tenki la chini, pampu inayapandisha kwenye tenki la juu ya mnara, kisha yanashuka yenyewe. Fundi wetu, kijana mwenye mkono mzuri, alishaanza kupima ukuta chini ya mnara.

"Mama, filta inakaa hapa, baada ya tenki la juu. Yakishuka yanachujwa."

Nikamwomba kwanza afunge kipimo cha presha kwenye koki ya uani. Kilisoma chini ya nusu bar, na hesabu yake iko wazi: kila mita 10 za kimo huleta bar 1, mnara wetu una mita 4, basi presha yote tuliyonayo ni kama bar 0.4. Bomba la mvua bafuni nalo liko juu, kwa hiyo pale inabaki nusu ya hiyo. Katriji ikiwa mpya huenda maji yangepita. Ikishashika tope la wiki kadhaa, mtu angesimama bafuni anasubiri matone. Fundi alikitazama kipimo, akahamisha vyuma vyake bila ubishi.

Tukaifunga kati ya pampu na tenki la juu. Pale pampu inasukuma kwa zaidi ya bar 2, inamudu katriji mbili hata zikiwa zimeanza kuchafuka, na maji yanayofika juu yameshachujwa. Kutoka tenki la juu hadi bafuni hakuna kilichobadilika, presha ni ile ile ya zamani. Umeme ukikatika, na huku hukatika, maji safi yapo juu yanashuka kama kawaida. Wenzangu walioweka pampu ya kuongeza presha ndani ya nyumba hawana nafuu hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo ya tenki, sikuweka katriji ya mkaa kwenye mfumo wa nyumba nzima, ingawa karibu kila seti inauzwa nayo. Mkaa huo, ambao mwingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, una kazi nzuri ya kuondoa harufu na klorini. Lakini klorini ndiyo mlinzi wa maji ya bomba yanapokaa. Ukiiondoa kabla ya tenki la juu, unayaacha maji yakae juani siku nzima bila ulinzi. Mkaa nimeuweka jikoni tu, kopo dogo la inchi 10 chini ya sinki, pale ambapo maji yanachotwa na kutumika papo hapo. Kwa maoni yangu mpangilio huu ndio unaofaa nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, na natamani wauzaji wangeusema.

Kufunga kulimalizika siku ile ile. Mambo ya kumsimamia fundi: aweke njia ya pembeni yenye valvu tatu, ili ukifungua makopo nyumba isikose maji, akague mshale wa maji yanakoingia, maana katriji huchujia kutoka nje kwenda ndani, na aache nafasi chini ya kopo, kwani linashuka likiwa limejaa maji na ni zito. Nimeona nyumba moja ambapo kopo limefungwa karibu na sakafu kiasi kwamba haliwezi kutoka bila kukata bomba. Sisi tulijenga pia kibanda kidogo cha bati juu yake, kwa sababu plastiki ikipigwa na jua mwaka hadi mwaka hupasuka. Na ule mpira wa duara wa kopo upakwe grisi ya silikoni, si mafuta ya kula wala grisi ya gari.

Matokeo yalionekana kwanza kwenye tenki la choo, likanyamaza usiku. Baadaye kwenye mashine ya kufulia. Tulipofungua tenki la juu kulisafisha, msimu wa mvua ukiwa umeshapita, chini kulikuwa na utando mwepesi tu, wakati miaka ya nyuma tulikuwa tunatoa tope kwa koleo dogo. Mashati mapya ya shule yamebaki meupe. Ya zamani hayakurudi, wala sikutarajia.

Ukoko mweupe upo pale pale. Bomba la mvua bado naliloweka kwenye maji ya ndimu, na hita ya maji moto bado inahitaji kufunguliwa na kukwanguliwa. Mashine ya kulainisha maji niliiangalia nikaiacha. Inafanya kazi kweli, inabadilisha chokaa kwa sodiamu, lakini lazima ioshwe kwa maji ya chumvi kila baada ya muda, na maji hayo makali yanakwenda wapi? Kwetu yangeishia kwenye bustani ya mchicha na chini ya mpapai. Chumvi yenyewe haina shida kupatikana, ya mashamba ya chumvi ya pwani hii ni rahisi, ila mashine inataka iliyo safi, isiyo na mchanga.

Mama mkwe ni mtu wa Newala. Amekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa kazi ya siku nzima na kila nyumba iliyojiweza ilichimba tenki la ardhini la kukinga mvua. Maji anayajua kuliko sisi wote. Siku ya kwanza alichota glasi jikoni, akainua kwenye mwanga, akaonja.

"Mwanangu, yametakata. Sasa ndio tumeacha kuchemsha?"

"Hapana mama, tunachemsha kama zamani."

Na nawaomba wote wanaofunga filta hizi wajibu hivyo hivyo. Tundu la mikroni 5 ni kubwa kwa bakteria, wengi wao unene wao haufiki hata mikroni 2, kwa hiyo wanapita. Maji kung'aa si ushahidi kwamba hayana homa ya matumbo wala kipindupindu. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunachemsha maji yasiyo na tope, na dawa ya klorini, tukiitumia, inafanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa tope huvificha vijidudu dawa isivifikie. Kwa chai, mama bado anataka maji ya mvua, na anapewa. Chumvi ya kisima anaisikia hata ikizidiwa na tangawizi.

Matunzo si magumu. Natazama vipimo viwili vya presha, kimoja kabla ya makopo na kingine baada. Katriji zikiwa mpya, tofauti ni ndogo sana. Ikifika nusu bar, najua zimejaa. Wavu wa chuma naufungulia mchanga kila wikendi. Katriji ya mikunjo naiosha kwa brashi laini na maji ya baridi, ile ya nyuzi nabadilisha, na wakati wa mvua hubadilishwa mapema zaidi kuliko kiangazi. Mimi mwenyewe naweza, bila fundi: kufunga valvu, kubonyeza kitufe chekundu cha kutoa presha, kisha spana. Usipobonyeza kitufe kwanza, kopo halizunguki hata ukilining'inia.

Malalamiko ninayo mawili. Karatasi ya maelekezo haikuwa na neno moja la Kiswahili, na mabano ya ukutani yalikuwa mepesi, tukalazimika kutengenezewa mengine kwa mchomeleaji.

Mwenye tenki moja tu la juu linalojazwa na bomba la mtaani bila pampu, asinunue seti kama yangu. Afunge wavu wa chuma na kopo moja la mikroni 20 kwenye bomba linalopanda, na apime presha ya mtaani kwanza siku ambayo maji yanatoka kwa nguvu ya kawaida, si siku yanapotoka vizuri kuliko zote. Anayepanga chumba aanzie jikoni, kopo dogo analoweza kuhama nalo. Katriji za inchi 20 nene sijazipata madukani hapa Mtwara, naagiza Dar es Salaam, na naagiza za msimu mzima kabla ya Desemba, maana mvua ikishakolea ndipo zinapohitajika zaidi na ndipo mizigo ya njiani inapochelewa.