Guangzhou hadi Yiwu: tiketi ipi ununue kwanza

Kwa ndege, kutoka Guangzhou, kusini mwa China, hadi Yiwu, mji wa soko kubwa la bidhaa za jumla, ni kama saa mbili. Umbali wa angani ni karibu kilomita 1,000. Saa mbili hizo ndizo zinazowaponza wageni wa biashara. Wewe hesabu kuanzia unapofunga mlango wa hoteli Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, hadi unapoingia sokoni Yiwu, ndipo utajua unalipia nini.

1. Ndege ya moja kwa moja. Metro (treni ya mjini) hadi Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, foleni ya ukaguzi, safari yenyewe, kisha teksi: tenga kama saa sita. Uzuri wake ni kwamba uwanja wa Yiwu uko jirani na mji. Nunua ya asubuhi tu. Soko hufungwa mapema jioni, kwa hiyo ukifika saa kumi siku umeshaipoteza, na majira ya joto radi za mchana hukwamisha sana ndege kusini mwa China. Nauli hupanda na kushuka kama bei ya nyanya; epuka wiki za maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba.

Jambo moja limewakuta wengi: tangu 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama ya 3C (cheti cha usalama cha China) hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China. Ile uliyoinunua kwa bei ya kutupa itabaki kwenye meza ya ukaguzi.

2. Treni ya mwendokasi. Hutoka kituo cha Guangzhou Kusini na kuchukua kama saa sita hadi nane, kutegemea vituo inakosimama. Ukijumlisha na metro, inaachwa na ndege kwa saa tatu hivi, si tano kama watu wanavyodhani. Nauli yake haichezi sana, na mwenye begi la sampuli hasumbuliwi na mizani. Mimi hurudi nayo. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, kwenye programu ya reli ya 12306, kwa namba ya pasipoti. Jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

3. Ndege hadi Hangzhou, kisha treni. Ndege ni nyingi kuliko za Yiwu. Kutoka uwanjani metro namba 19 inakufikisha kituo cha Hangzhou Mashariki, na treni ya kasi hadi Yiwu haizidi saa moja. Inafaa ile ya moja kwa moja ikiwa imejaa au bei imepaa.

4. Treni ya usiku. Zaidi ya saa 12. Chumba cha kawaida kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Unaokoa pesa ya hoteli. Omba cha chini. Cha juu kabisa hakikuruhusu hata kukaa wima.

Na kabla ya kulipia lolote, angalia tarehe ya Mwaka Mpya wa Kichina. Wiki hizo soko limefungwa, na tiketi za treni hugombaniwa nchi nzima.