CELTA ya mtandaoni ukiwa Kigoma: unalipia nini, na utakwama wapi

Mtu aliyeko Kigoma anayetaka kwenda kufundisha Kiingereza nje ya nchi atauziwa bidhaa za aina mbili. Ya kwanza ni kozi ya TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) ya saa 120: unasoma mwenyewe kwenye simu, unajibu maswali ya kuchagua, na siku chache baadaye cheti kinaingia kwenye barua pepe. Ya pili ni CELTA, cheti cha Cambridge, ambayo tangu 2020 inaweza kusomwa yote kwa intaneti. Tathmini hii ni ya hiyo ya pili, kwa mtu aliyekaa Mwanga, Katubuka au Ujiji na ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa.

Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka asisumbuke: kozi ni nzuri, ada inauma, na cheti chenyewe hakikubadilishii pasipoti. Hilo la pasipoti ndilo wengi hulijua wakiwa wameshalipa.

Tuanze na unachonunua. Jina TEFL halina mwenyewe. Kampuni yoyote inaweza kufungua tovuti, kuandika "saa 120" na kuuza, na hakuna anayehesabu kama kweli ulikaa saa hizo. CELTA ina mwenyewe, na masharti yake ni yale yale popote unapoisomea: saa 120 za kozi pamoja na wakufunzi, saa zisizopungua 80 za kazi yako binafsi, insha nne za maneno 750 hadi 1,000 kila moja, saa 6 za kutazama walimu wazoefu wakifundisha, na saa 6 za wewe kufundisha wanafunzi wa kweli, watu wazima, wa viwango vya Kiingereza visivyopungua viwili. Ukisoma mfululizo ni wiki nne au tano. Ukisoma kidogo kidogo inaweza kwenda miezi kadhaa.

Saa 6 za kufundisha ndizo zinazobeba ada yote. Zinagawanywa katika vipindi vya dakika 40 hadi 60. Mkufunzi yupo kwenye Zoom kamera ikiwa imezimwa, anaandika kila unachofanya. Kipindi kikiisha mnakaa kikundi kizima, wenzako wanasema walichoona, kisha mkufunzi anasema. Kozi ya bei ndogo haina kitu hiki, na hakuna video itakayokuambia kwamba umeongea dakika 31 kati ya 40.

Aliyesoma shule zetu huingia CELTA na mazoea mawili yatakayomgharimu alama mapema sana. La kwanza ni kuuliza "mmeelewa?" na kuridhika na "ndiyo" ya pamoja. La pili ni kukata neno katikati ili darasa limalizie: "hii inaitwa no...", na darasa linaitikia "...mino!" Kwa mkufunzi wa CELTA, yote mawili hayapimi kitu. Anataka maswali mafupi yanayofichua kama maana imeingia. Chukua sentensi "I used to live in Ujiji". Ukishaifundisha, unauliza: sasa hivi ninaishi Ujiji? Hapana. Zamani niliishi? Ndiyo. Nililala usiku mmoja tu, au nilikaa kwa muda? Kwa muda. Maswali hayo matatu unayaandika kwenye andalio kabla ya kipindi, kwa Kiingereza chepesi kuliko kile unachofundisha. Anayesubiri kuyabuni papo hapo huishia kurudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

Andalio la somo nalo si lile la vyuo vyetu vya ualimu. Lina lengo kuu, hatua moja moja, dakika za kila hatua, na nani anaongea na nani katika kila hatua. Pia lina safu inayowashinda wengi: matatizo unayoyatarajia na utayatatua vipi. Ukiandika "wanafunzi wanaweza wasielewe" utarudishiwa. Panatakiwa jambo mahususi, kwa mfano kwamba mwanafunzi atachanganya "used to" na "am used to" kwa sababu zinasikika karibu sawa, na kwamba utaziweka mbili ubaoni na kuonyesha kinachofuata kila moja. Andalio la kipindi cha dakika 40 hula jioni nzima mwanzoni. Mwenye kazi ya kutwa asijidanganye na kozi ya wiki nne.

Kuna mlango kabla ya hayo yote. Kituo unakoomba kusomea hukupa kazi ya maandishi kisha usaili. Kiingereza kinachotakiwa ni C2 au C1 ya juu, yaani viwango viwili vya juu kabisa katika ngazi za lugha za Ulaya, na huhitaji kuwa Mwingereza. Lafudhi ya Kitanzania si kosa. Kosa ni kutojua sauti unazotoa. Kiswahili kina irabu tano, hivyo "ship" na "sheep" hutoka kinywani kama neno moja. Na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, wakati Kiingereza huusogeza, kama kutoka "photograph" kwenda "photography". Jifunze alama za matamshi za kamusi kabla ya kozi, maana ndani ya kozi hakuna muda huo. Sarufi ni hivyo hivyo. Wengi wetu tunajua kanuni za nyakati kwa kichwa, lakini tukiulizwa tofauti ya maana kati ya "I lived here" na "I've lived here" tunataja kanuni badala ya maana. Kazi ya kabla ya usaili imejaa maswali ya aina hiyo.

Insha nne hazitishi. Ukishindwa moja unaruhusiwa kuirudia mara moja, na ili ufaulu unahitaji kupita tatu kati ya nne, ukiwa umefaulu pia kufundisha. Matokeo ni Pass, Pass B au Pass A. Pass ya kawaida inatosha kwa waajiri wengi, kwa hiyo usiumie roho.

Sasa mazingira ya Kigoma. Zoom ya kikundi hula takriban GB 1 kwa saa, na kozi ya mfululizo inaweza kukuweka hewani saa nne au tano kwa siku. Si saa zote 120 ni za video, sehemu ni kazi za kwenye jukwaa la kozi, lakini bando la wiki la kawaida litaisha siku ya pili. Faiba ya TTCL kama imefika mtaani kwako ndiyo nafuu. Kama haijafika, weka laini mbili za kampuni tofauti, na upime kasi ya kupandisha, si ya kushusha tu, saa ile ile utakayokuwa ukifundisha. Mtandao unaokwenda kasi asubuhi unaweza kuchechemea saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye video.

Umeme: ruta nyingi hutumia volti 12, na UPS ndogo ya ruta pamoja na betri nzima ya kompyuta hukuvusha kipindi kimoja hata umeme ukikatika. Tahadhari isiyo na gharama ni kumpa mwenzako wa kikundi kiungo cha slaidi zako na mamlaka ya kuendesha chumba cha Zoom. Ukipotea, yeye anashikilia darasa mpaka urudi, na kipindi hakifutwi.

Mvua ndiyo adui asiyetajwa kwenye tovuti ya kituo chochote. Kuanzia Novemba hadi Aprili, chini ya bati lisilo na dari, maikrofoni ya kompyuta haisikii sauti yako kabisa. Hedifoni yenye maikrofoni ya kukaa karibu na mdomo hupunguza, haimalizi. Kama unaweza kuchagua, soma kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo ina faida nyingine kwa anayesoma na kituo cha Uingereza: tofauti ya saa haibadiliki katikati ya kozi. Wao husogeza saa mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, hivyo tofauti yetu nao ni saa mbili kiangazi chao na saa tatu majira yao ya baridi. Kipindi cha 14:00 London ni saa kumi jioni kwetu mwezi Julai, na saa kumi na moja jioni mwezi Januari. Kuna watu hukosa kipindi kwa sababu hiyo tu.

Ada hupangwa na kila kituo. Vituo vingi vya Uingereza huzidi pauni 1,000, yaani zaidi ya milioni tatu za Kitanzania. Ukilipa kwa benki, mwambie karani kwamba makato yote ya njiani yabebwe na wewe mtumaji. Usiposema hivyo, benki za katikati hukata chao, ada inafika pungufu, na kituo kinakuhesabu hujamaliza. Ukilipa kwa kadi, hakikisha kwanza kadi imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni na kikomo chake cha siku kinatosha. Soma pia sharti la kurudishiwa pesa kabla ya kulipa amana.

Turudi kwenye pasipoti. Korea Kusini hutoa viza ya walimu wa Kiingereza, E-2, kwa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania mwenye CELTA ya Pass A bado yuko nje ya mstari huo. Vietnam iko wazi zaidi: inataka shahada, cheti cha kufundisha, cheti cha polisi na vipimo vya afya, na vyeti vya hapa vinathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini kabla ya kutumika huko. Zingatia neno shahada. CELTA haikudai uwe nayo, lakini viza itaidai, na mwenye diploma hugundua hilo amechelewa.

Kufundisha mtandaoni nako kumebadilika. Ushauri wa zamani wa kufundisha watoto wa China ukiwa nyumbani ulikufa Julai 2021, serikali yao ilipobana kampuni za masomo ya ziada. Majukwaa kama Preply hayadai cheti, ila hukata asilimia 33 ya malipo yako mwanzoni, ikishuka hadi 18 kadiri unavyofundisha saa nyingi, na malipo ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya wanayachukua yote. Huko cheti kinasaidia wasifu wako tu; kinachokubakiza ni wanafunzi kurudi.

Kwa mtu wa Kigoma naona soko lililo karibu halipewi heshima yake. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo tangu 2022, na watu wazima waliosoma kwa Kifaransa wanahitaji Kiingereza cha kazini. Kuvuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi na kitambulisho si ruhusa ya kufanya kazi, kibali kinaulizwa upande wa pili. Lakini kwa aina hii ya mwanafunzi CELTA ndiyo imetengenezwa, kwa sababu inakufunza kufundisha Kiingereza kwa Kiingereza, bila kutafsiri.

Na ile ya saa 120? Inunue kama mwajiri ameshakuandikia kwamba ataikubali na kinachokosekana ni karatasi ya kujaza fomu ya viza. Vinginevyo unalipia PDF.

Kabla ya kujisajili, weka pasipoti, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya NECTA mezani usome majina herufi kwa herufi. Jina unaloandika kwenye fomu ya kituo ndilo Cambridge watalichapa, na ofisi ya viza ikikuta "Hamis" huku na "Hamisi" kule itakurudisha ukatafute hati ya kiapo. Cheti halisi huja wiki kadhaa baada ya kozi. Katikati hapo omba kituo barua ya matokeo ya muda, maana waajiri wengi huipokea. Anwani ya kutumiwa cheti isiwe S.L.P. peke yake. Kampuni za kusafirisha vifurushi hazifungui sanduku la posta, zinataka namba ya simu inayopatikana na mahali pa kukukuta.