Skii zilinitupa chini, fundi akanilaumu mimi

"Tatizo si skii, ni miguu yako." Ndivyo nilivyoambiwa na fundi wa duka lililoniuzia, na aliyasema hayo skii zangu, vile vibao virefu viwili vya kutelezea kwenye theluji, zikiwa bado ndani ya mfuko. Hata zipu hakufungua! Neno hilo limenikaa rohoni tangu msimu uliopita, na leo nalitoa.

Habari za upana, urefu na aina ya mbao sizigusi, anayezitaka atazipata. Nilinunua zile wanazoziita skii za mlima mzima, yaani jozi moja ikubebe asubuhi kwenye njia iliyotandazwa na mashine, mchana kwenye vichuguu vya theluji, na ukibahatika kuamkia theluji ya unga, humo pia isikuangushe. Kumiliki jozi tatu siwezi na wala sitaki. Na mwanagenzi si mimi. Nimeteleza misimu mingi, kwenye skii za kuazima za kila aina, na najua tofauti ya kosa langu na kosa la chombo.

Siku ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa majira ya baridi, kipindi kile theluji inaganda usiku kama saruji, halafu jua likipanda miteremko inayotazama mashariki ndiyo inayotangulia kulegea. Kwenye sehemu ngumu zilishika, tena vizuri. Nikaanza kuzipenda. Kisha njia ikakata kutoka kivulini kwenda juani, na pale pale mpakani, kwenye ile hatua mbili tatu ambapo ugumu unageuka ulaini, skii ya kulia ikang'ang'ania. Haikuteleza wala haikutetemeka. Iling'ang'ania kama gurudumu lililoingia kwenye reli. Nikataka kuilaza, ikakataa. Nikataka kuiachia isogee kando, ikakataa, na ya kushoto wakati huo inaendelea na safari yake. Kifungio cha kulia, kile kinachoshika buti kwenye skii, kikafyatuka, cha kushoto kikabaki. Goti likapinda, nikashuka kwa mgongo mpaka kwenye wavu wa pembeni.

Usiku ule goti lilivimba hata suruali ikagoma kupita. Nilipoweza kusimama tena nikazijaribu taratibu, na hadithi ikawa ile ile: kila theluji inapobadilika, skii haziachii. Kwenye vichuguu ndiyo usiseme. Pale kona inahitaji usukume visigino skii zigeuke kwa upole, hizi zilikuwa zinachimba.

Nilimwendea yule fundi kwa adabu zote. Nilimweleza ni mahali gani zinakamata, nikamwomba azikague upande wa chini, maana skii mpya nazo hutoka kiwandani na kasoro. Akanipandisha na kunishusha kwa macho, akarudi kwenye skrubu aliyokuwa anaikaza, ndipo akanitupia lile neno la miguu. Nilimwambia, "Zitoe basi mfukoni uzitazame." Akajibu kwamba ana kazi nyingi. Kulikuwa na watu nyuma yangu kwenye foleni na wote walisikia. Nikabeba mfuko wangu nikatoka, goti linauma, uso unawaka.

Kwa siku kadhaa nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilianza kujiuliza kama umri umenifikia, kama mkao wangu umeharibika, kama sijui tena kuhamisha uzito. Nilikuwa tayari kulipia mwalimu.

Kisha jioni moja nikalaza skii mezani tumbo juu, nikasimamisha rula ya chuma kutoka makali hadi makali, yaani ile mikanda ya chuma ya pembeni, nikawasha tochi nyuma yake. Mwanga ukapita katikati kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Pembeni, pale rula ilipogusa chuma, giza tupu. Nikaisogeza polepole kutoka mkiani kwenda mbele: chini ya buti ufa ulikuwa mwembamba, lakini nilipokaribia ncha ukapanuka. Ya pili nayo vivyo hivyo. Tumbo la skii lilikuwa limebonyea, na makali yamesimama juu yake. Kumbe nilikuwa nateleza juu ya reli mbili za chuma! Kwenye theluji ngumu ukadhani ni sifa, kwa sababu chuma kinauma. Ukiingia kwenye laini, makali yanazama na hayakubali kugeuzwa. Goti langu lilikuwa limelipia kosa la mashine ya kusaga ya kiwandani.

Nilizipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa maneno. Nilimwamkia, akaitikia, akachukua skii na kuinua moja usawa wa jicho kabla hata sijamaliza kueleza. Akasema, "Hizi hazijawahi kuwa bapa." Mimi karibu nilie.

Alizisaga kwenye jiwe mpaka rula ikalala bila mwanga kupita. Makali akayanoa upya kwa mwinamo wa digrii 1 upande wa chini na 2 ubavuni, na kwenye ncha na mikia akapunguza ukali kidogo ili skii ziingie kwenye kona bila kukamata. Akachora mifereji myembamba kwenye plastiki ya tumboni, kwa sababu theluji iliyoloa huacha utando wa maji unaonyonya skii zisiende. Mwisho akapitisha ukucha wake juu ya makali, mara moja tu, akanionyesha unga mweupe wa kucha uliobaki kwenye chuma. Ndiyo alama kwamba yamekolea.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapogeuka. Skii hizi ni nzuri kupindukia. Kwenye theluji ya chengachenga, ile ya saa nne asubuhi ambayo gamba la juu limeyeyuka kiasi cha kidole na chini bado kugumu, sijawahi kuteleza kitu kitamu kama hiki. Zinakata, zinaachia, zinakata tena, na mguu unajua kila kinachotokea chini. Theluji ya unga iliyokwisha kuvurugwa na watu, mabonge huku na mashimo kule, zinaipasua bila kurushwarushwa. Ncha iliyoinuka inapanda juu ya bonge, chuma kilichomo ndani kinatuliza mtikisiko. Alasiri theluji ikiwa uji mtupu zinachosha mapaja, ila hazigandi.

Kwenye ukoko sikutegemea kitu. Ninasema ule ukoko mwembamba unaovunjika, juu mgumu, chini unga, unaokukata muundi ukikosea. Hakuna skii inayoupenda. Hizi ziliupita kwa kona ndefu, uzito sawa miguu yote miwili, na zilipovunja gamba zilivunja pamoja. Nilisimama chini ya mteremko nikageuka kutazama alama zangu, mistari miwili inayokwenda sambamba mpaka juu kabisa.

Barafu tupu, ya bluu, si mahali pake. Zitashika ukiwa na subira, kisha zitapiga kelele. Anayeishi kwenye barafu anunue nyembamba zaidi.

Katika tathmini hii nilikuwa nimeandika nyota nne kati ya tano. Nyota moja niliitoa kwa ajili ya kusaga, kwa sababu makali yana unene wa milimita 2 hivi na chuma kilichosagwa hakirudi. Jozi yangu imeanza maisha ikiwa imepungua umri.

Halafu juzi nikapita kwenye lile duka na rula yangu mfukoni. Fundi hakuwepo. Nilimweleza dada wa kaunta kilichotokea, akanisikiliza vizuri, akateremsha ukutani jozi mpya ya skii zile zile, ya toleo jipya, akailaza kaunta tumbo juu. Nikaweka rula, yeye akamulika kwa simu yake. Mwanga ukapita katikati. Tukaangaliana. Akazifuta vumbi kwa kiganja, akazirudisha ukutani pale pale zilipokuwa, na bei yake ikining'inia.

Nimefuta nyota mbili nyingine.