TAHADHARI: Jiko la kuni "la mwaka 1864" ni utapeli, msimpe huyu mtu hela

Jamani, wote mnaotafuta majiko ya kuni ya kale huku Marekani, soma hapa kabla hujatoa hata senti. Yule muuzaji wa ghala la nyuma ya soko la mitumba, mliokwenda mnamjua, ni tapeli. Dola 4,800 amezimeza, na alichouza ni mabaki ya chuma yaliyopakwa rangi.

Alivyofanya ni hivi. Jiko aliliweka mwanga ukipiga mlango wa oveni tu, maandishi yaonekane vizuri: Home Comfort, Wrought Iron Range Co., St. Louis, na chini yake 1864. Akaweka kidole juu ya ule mwaka, akanyamaza, akaacha watu wasome wenyewe. Kisha akagonga bamba la juu upande wa oveni, chuma kikalia kama kengele. Upande wa chumba cha moto hakugonga. Akafungua vifuniko vya nyuma, vya mbele akasema vimenata kwa rangi mbichi. Kuwasha hakuwasha, eti bomba la moshi halijaungwa.

Nani asingeamini? Kampuni ilikuwepo kweli, jina ni lake, chuma cha kasti ni kizito chenyewe, na mwaka umeandikwa pale pale. Ndicho kinachotia hasira: kamtapeli mtu kwa maneno ya kweli! 1864 ni mwaka kampuni ilipoanzishwa, si mwaka jiko lilipotengenezwa, na muuza majiko yeyote analijua hilo. Tarehe za hataza (haki ya uvumbuzi) zilizosubiwa kwenye chuma, yaani zilizotokea chuma kilipomiminwa kwenye umbo, nazo matapeli wanazitumia vivyo hivyo. Hataza ya 1887 inakuambia tu kwamba jiko haliwezi kuwa la kabla ya 1887. La 1905 laweza kuwa nayo vilevile. Zikiwa tarehe tatu, shika ya mwisho. Na namba kama 8-18 si mwaka 1818, mara nyingi ni kipimo cha kifuniko, inchi 8, na upana wa oveni, inchi 18. Akija mtu na jiko la Kalamazoo Stove Company akasema ni la 1880, mwache aende zake, kampuni hiyo ilianza 1901.

Hilo "la 1864" lina enameli ya kijani na krimu. Majiko ya rangi hizo ni ya miaka ya 1920 na 1930! Mapambo yake yana weupe wa kuelekea buluu, yaani kromu, na kromu iliingia viwandani katikati ya miaka ya 1920. Nikeli ya zamani ina umanjano kidogo. Mgongoni kuna skrubu za nyota, ambazo ni za miaka ya 1930 kuja huku. Kwa hiyo ama jiko ni la juzi, ama limefumuliwa na kuungwaungwa.

Na uchafu wenyewe uko ndani. Ufa unatoka kona ya chumba cha moto hadi katikati ya matundu ya vifuniko. Kaujaza epoksi, kapiga msasa, kapaka dawa nyeusi ya grafiti juu. Moto wa kwanza wa maana epoksi inaungua, ufa unafunguka, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, inaingia nyumbani watoto wamelala. Huyu anastahili kushtakiwa kwa hilo peke yake, hata kama angerudisha hela zote.

Wavu wa chini ya makaa nao umesubiwa upya kwa kutumia wa zamani kama kielelezo. Chuma cha kasti kinapopoa husinyaa karibu asilimia 1, hivyo wavu wa sentimita 40 unapungua kama milimita 4. Hauketi mahali pake, unayumba, makaa yanamwagika kwenye majivu. Sakafu ya oveni imetoboka, kaifunika kwa bati jembamba, na mkate utaungua upande mmoja huku mwingine ukibaki mbichi.

Mkienda kwa muuzaji mwingine, zimeni taa, muweke tochi ndani ya chumba cha moto, mtazame kutoka kwenye oveni na chini. Gongeni kila bamba, lenye ufa hutoa mlio mfu. Bana karatasi kwenye mlango wa oveni, ikichomoka bila kukwama mlango haufungi. Msikwangue vibao vya kijivu ndani ya kuta, vinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Jiko lililopasuka chumba cha moto ni la vipuri, dola mia chache. Maelfu ni ya lililokarabatiwa kikamilifu na kuwashwa mbele yako.

Jamaa bado ana mengine mawili ghalani, yamepakwa dawa ile ile. Mwenye risiti au picha za tangazo lake azitunze, azipeleke ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha kulinda walaji. Malalamiko mengi kwa pamoja yatambana. Arudishe hela, afunge lile ghala, na ashtakiwe.