Praktiko ya baiolojia: ukariri jedwali au uingie maabara?
Kwa wa kidato cha nne mnaorivaizi vipimo vya chakula, kukariri jedwali ni fasta, usiku mmoja tu unajua wanga na iodini inatoa bluu-nyeusi, protini na Biuret zambarau, glukosi na Benedict (Biuret na Benedict ni vimiminika vya kupimia) ukichemsha inaanza bluu inaenda kijani, njano, mpaka nyekundu ya tofali. Maabara inakula muda na kemikali ila mkono wako ndo unajifunza kwamba iodini haichemshwi, na sukrosi (sukari ya kawaida ya mezani) lazima uichemshe kwanza na asidi ya HCl, uipooze, uweke sodiamu baikaboneti mpaka mapovu yaishe, ndo Benedict ifuate, na wanaokariri huwa wanaruka hapo jamani. Mi naenda na maabara, jedwali nalipitia asubuhi ya pepa.