Uzoefu wangu: Benzi ya mtumba Mtwara, sura inayokupa na inachokudai

Gari ni Mercedes-Benz C200 Kompressor ya 2008, umbo la W204, injini ya M271 yenye cc 1,796, otomatiki ya gia tano. Lilitoka Japani likiwa limetumika. Kazi yake ni Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, mara mojamoja Masasi au Newala. Wengi wanaoandika kuhusu magari huanza na mbio na viti. Huku Kusini anayeulizia gari kama hili huanza kwingine: nikishuka kwenye hilo gari, watu watanichukuliaje? Ni swali halali, maana hiyo sura ndiyo sehemu kubwa ya pesa uliyolipa.

Mtaa husoma gari kwa kuanzia namba. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu ndiyo umri wa gari machoni pa watu: Benzi ya 2008 yenye namba E inaonekana mpya kuliko ya 2012 yenye namba C. Lakini herufi hiyo inasema tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Ukitaka umri wenyewe, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho usome kibandiko chake, kina tarehe ya kutengenezwa mkanda, kisha tazama namba ya chesesi. C200 Kompressor huanza na WDD204041. Ukikuta WDD204048 hiyo ni CGI, yenye turbo, hata kama mkiani imeandikwa Kompressor. Maandishi ya mkiani yanauzwa dukani kama stika za bodaboda.

Baada ya namba inakuja nyota. W204 ina sura mbili: ile ya Elegance yenye nyota ndogo iliyosimama juu ya boneti, na ile ya Avantgarde yenye nyota kubwa katikati ya shoo, yaani gridi ya mbele. Kifundi ni gari lilelile. Kwa watu si lilelile. Nyota ya kusimama ni ya mzee, mstaafu, mtu wa kuamkiwa. Nyota kubwa ni ya kijana aliyepata. Nembo yenyewe ilisajiliwa Ujerumani mwaka 1909, ncha tatu zikimaanisha nchi kavu, maji na anga, ila Afrika Mashariki iliipa maana yake: Wabenzi, yaani wakubwa waliopata uhuru wakapata na dereva. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno hilo lilikuwa karibu na tusi. Leo ukali umeisha, imebaki tabia moja tu: Benzi ikisimama, macho huenda kwanza kiti cha nyuma kushoto. Wakikuona wewe mwenyewe ndiye umeshika usukani, daraja limeshashuka kidogo.

Land Cruiser ya V8 nayo hutazamwa nyuma, tena zaidi, kwa sababu wengi wanaijua ikiwa na namba za STK (za serikali) au DFP (za miradi ya wafadhili). Hapa "V8" imekuwa jina la cheo kuliko la injini. Hata Prado ya silinda nne huitwa V8 ikiwa nyeupe na ina antena ndefu. BMW ni kinyume, watu hutazama dereva, na wanamtarajia kijana mwenye haraka atakayepita kushoto kwenye mteremko wa Mikindani. Sifa hiyo si ya Mtwara peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, waliwahoji wenye magari karibu 1,900 wakakuta wanaume wabishi, wakaidi na wasiojali wenzao huelekea zaidi kumiliki Audi, BMW au Mercedes. Nusu ya pili ya matokeo yale hainukuliwi sana vijiweni: watu makini, wenye nidhamu ya kazi, nao huelekea kwenye magari hayohayo. Kwa macho yangu nusu zote mbili zipo, na mara nyingine zimepanda gari moja.

Audi haina sura yoyote hapa. Utaulizwa "hii gari gani?" kila kituo cha mafuta, na hilo kwa wengine ni raha.

Toyota Harrier ndiyo kichekesho. Ile ya kuanzia 2003, iitwayo tako la nyani, utaikuta mjini imebandikwa nembo ya Lexus mbele na nyuma, na watu wanacheka. Lakini nje ya Japani gari hilo lilikuwa likiuzwa kama Lexus RX, kwa hiyo aliyebandika ameongopa nusu tu. Na kwa heshima ya mtaani kwa kila shilingi ya matunzo, tako la nyani linaizidi Benzi yangu mbali. Nakiri.

Sura ina ada zake. Ukiegesha Benzi karibu na soko la samaki Feri, bei ya changu hupanda kabla hujafunga mlango. Tuma mtu au acha gari mbali. Waosha magari wana bei ya IST na bei ya "bosi". Kadi za michango ya harusi ndizo nzito zaidi: kamati haitakuandikia kiwango cha mwenye Carina. Weka hayo kwenye bajeti pamoja na oili.

Kuna na kalenda ya heshima. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, na malipo yakianza kushuka kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, magari ya kifahari huongezeka kuanzia Tandahimba mpaka Masasi. Msimu wa 2017/18, bei ya kilo ilipovuka shilingi 4,000 mnadani, uliona wazi. Ila watu wa huku hawampimi mtu kwa Novemba. Wanampima kwa Aprili, masika yamekaza na pesa ya korosho imekwisha, nani bado anatembea na nani ameegesha chini ya mwembe kwa kisingizio cha spea. Kwa hiyo anayetaka sura ya Benzi ajue kwamba anachonunua hasa ni uwezo wa kuiwasha Aprili. Sehemu iliyobaki ni kuhusu hilo.

Kwanza kwa nini C200 na 320i ya BMW zimejaa kuliko ndugu zao wakubwa: ushuru wa bidhaa hubadilika kwenye cc 2,000, asilimia 5 kuanzia cc 1,000 hadi hapo na 10 juu yake, na gari lililozidi miaka 8 huongezewa uchakavu juu yake. Nembo ni ileile, injini ni ndogo, ushuru ni nafuu. Matokeo yake ni injini ndogo iliyofungwa vitu vingi ili isukume gari zito, na vitu hivyo ndivyo vinavyokula pesa.

Kwenye M271, cha kwanza ni cheni ya taimingi, inayozungusha kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake. Ni ya mstari mmoja, nyembamba, na ikivutika huanza kusaga meno ya giya za kamshafti. Dalili ni mlio wa njuga kwa sekunde mbili tatu unapowasha asubuhi, kisha kimya. Kwenye mashine ya kupima utaona kodi ya P0016 au P0017. Usibadilishe cheni peke yake. Badilisha na tenshena (kikaza cheni) na giya zote mbili za kamshafti, la sivyo meno yaliyochongoka yatakula cheni mpya. Ikiruka, valvu hugonga pistoni, na hapo hesabu inakuwa ya injini nzima.

Cheni hufa mapema kwa sababu ya oili. Mafundi wengi waliozoea Toyota za zamani humimina 20W-50 kwa hoja kwamba "huku kuna joto". Tenshena na giya za kamshafti zinasukumwa na presha ya oili, na oili nzito huchelewa kuzifikia unapowasha. Weka 5W-30 au 5W-40 ambayo kopo lake limeandikwa MB 229.5, lita 5.5 pamoja na filta. Mimi hubadilisha kila kilomita 7,000, siyo zile 15,000 za kitabu, kwa sababu safari za mjini Mtwara ni fupi na vumbi ni jingi.

Pili, sumaku mbili za mbele ya silinda hedi zinazoendesha giya hizo. Zikichoka, oili hupenya ndani ya plagi na kupanda ndani ya nyaya, polepole, mpaka kwenye sensa za oksijeni na mwishowe kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Chomoa plagi mbili hizo kila unapobadilisha oili. Zikiwa kavu, rudisha. Zikiwa na unyevu wa oili, badilisha sumaku na ufunge vipande vifupi vya waya vinavyouzwa kwa kazi hiyo, ili oili iishie hapo. Ni kazi ya dakika ishirini inayookoa kifaa cha bei ya pikipiki.

Gia boksi ni 722.6, imara kweli, ila haina dipstiki. Bomba lipo, limefungwa kizibo, na kijiti cha kupimia ni kifaa cha gereji. Kipimo hufanywa oili ikiwa na joto la nyuzi 80 hivi. Fundi akikwambia ameipima "kwa macho", hajaipima. Tumia oili ya MB 236.14 tu, na badilisha filta pamoja na plagi ya umeme yenye pini 13 ubavuni. Raba ya plagi hiyo ikikauka, oili hupanda kwenye waya kama ilivyo kule mbele.

Kinachoishusha heshima ya W204 kuliko vyote ni kifungio cha usukani cha umeme. Ukiingiza funguo unatakiwa kusikia mlio mfupi wa mota ikifungua. Siku mota imekufa hakuna mlio, dashibodi haiwaki, gari halianzi, na rimoti inafungua milango kama kawaida. Mlio ukianza kukwama au kuchelewa, usisubiri. Kurudisha gari hewani kunahitaji kompyuta inayozungumza na mfumo wa funguo wa Benzi, siyo kile kidude cha Bluetooth kinachosoma kodi za injini tu. Asiye na fundi wa aina hiyo karibu hupandisha gari kwenye fuso kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, nyota ikitazama nyuma njia nzima. Kila kijiji kinaona.

Wa BMW E90 ya 320i wana lao. Injini ya N46 hukausha raba za valvu. Pima hivi: gari likiwa limepata moto, liache sailensi, yaani lingurume bila kukanyagwa mafuta, dakika kumi, kisha kanyaga mafuta ghafla. Wingu la bluu likitoka nyuma, raba zimekwisha. Na kuzibadilisha ni kazi ya kufungua juu yote. Mabomba yake ya maji ni ya plastiki, kwa joto la huku huwa kama bisikuti. Usiongeze maji ya kisima, weka kulanti na maji ya betri. Ukibadilisha betri, iliyo kwenye buti, lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, vinginevyo alternata itaichaji kana kwamba bado ni ile kuukuu. Range Rover ya springi za upepo nitaisema kwa sentensi moja: asubuhi ukiikuta imelala kona moja, tafuta puto linalovuja kabla kompresa haijaungua kwa kujaza bure.

Barabara. Lami ya Mtwara–Lindi gari hili linaipenda, linanipa kama kilomita 12 kwa lita nikitembea 90; mjini ni 8. Njia ya Newala ni jambo jingine: vipande vya vumbi vina mawimbi yanayomaliza bushi za mbele, na kava ya plastiki chini ya injini hung'oka kwenye kifusi. Usiiache gereji ukasema haina kazi, ndiyo inayozuia mchanga kuingia kwenye mikanda. Rimu za inchi 17 ni nzuri kwa picha. Mimi natumia 16, tairi 205/55, ukuta wake mnene unavumilia. BMW nyingi za umri huo zilikuja na tairi za ranflati, zinazotembea kidogo hata zikiisha upepo, bila spea tairi. Nunua spea na jeki kabla ya kuvuka Nanyamba.

Kuegesha chini ya mwembe au mkorosho kunaua kimyakimya. Majani huziba matundu ya kutolea maji chini ya waipa, mvua ya Machi husimama hapo, kisha hutafuta njia ya kuingia kwenye viunganishi vya umeme. Fungua boneti kila mwezi, zoa kwa mkono. Anayeishi karibu na bahari aoshe na chini ya gari kwa maji baridi, kwa sababu upepo wa chumvi hula nati za breki na bomba la moshi kabla rangi haijaonyesha chochote.

Spea nyingi hutoka Dar, Kariakoo na Gerezani. Ukituma pesa leo, kesho unapokea mzigo stendi ya Mkanaledi, njia ikiwa salama. Mei 2024 mafuriko yalipokata barabara ya Dar pale Somanga, mwenye Toyota alipata breki padi duka la jirani. Ndiyo maana mimi hukaa na akiba ndani: filta mbili za oili, seti ya padi, mkanda, sumaku moja na koili moja. Agiza kwa namba ya chesesi. "Za C-Class" si maelezo, utaletewa za W203, umbo la kabla ya hili.

Kwa lami na starehe naipa 8 kati ya 10, kwa njia za vumbi 3, kwa heshima inategemea mwezi.

Anayetaka kununua aje Mei au Juni, wakati magari yaliyonunuliwa kwa pesa ya korosho yanatafutiwa wateja. Muombe muuzaji gari lilale lilipo bila kuwashwa, uende saa kumi na mbili asubuhi, uguse boneti kuhakikisha ni baridi, ndipo uwashe mwenyewe ukisikiliza mlio wa usukani kwanza na wa cheni baadaye. Ukikuta boneti ina joto, rudi nyumbani ukanywe chai.